Kuchagua Chuo cha Maandalizi ya Udaktari Nchini Marekani

Udaktari nchini Marekani husomwa juu ya shahada nyingine. Mwanafunzi humaliza kwanza miaka 4 ya shahada ya kwanza, kisha huomba nafasi katika shule ya udaktari, ambako husoma miaka 4 mingine. Baada ya hapo huingia hospitalini kwa mafunzo ya ubingwa yanayochukua miaka 3 hadi 7, kulingana na tawi alilolichagua. Afrika Mashariki mambo ni tofauti. Tanzania, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) na kufaulu vizuri huingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka 5, ikifuatwa na mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Kenya, shahada yenyewe huchukua miaka 6. Kwa hiyo anayechagua chuo Dar es Salaam au Nairobi amekwisha kuchagua shule ya udaktari. Anayechagua chuo Marekani anachagua mahali pa kujiandaa kuiomba.

Maandalizi hayo Wamarekani huyaita premedi. Premedi haina cheti chake wala idara yake. Ni orodha ya masomo ambayo shule za udaktari huyataka: mwaka mmoja wa biolojia, miaka miwili ya kemia (ya jumla na ile ya oganiki), mwaka mmoja wa fizikia, yote yakiwa na kazi za maabara, na juu yake bayokemia, hesabu au takwimu, na uandishi wa Kiingereza. Saikolojia na sosholojia ziliongezeka baada ya mtihani wa kuingilia udaktari kubadilishwa mwaka 2015. Mwanafunzi anaweza kuyasoma haya yote huku shahada yake ikiwa ya historia, muziki au uhandisi.

Kwa kuwa masomo hayo hupatikana karibu katika kila chuo cha miaka minne, familia nyingi hujikuta na barua mbili au tatu za kukubaliwa kutoka vyuo vinavyofanana kama pacha. Masomo ni yaleyale, sifa zinakaribiana, na vipeperushi vyote vina picha ya kijana aliyevaa koti jeupe. Tofauti zipo, na ni kubwa, lakini ziko mahali ambapo vipeperushi havigusi: jinsi chuo kinavyotoa alama, nani anafundisha, nani ataandika barua, hospitali iko umbali gani, na mwanafunzi atatoka na deni kiasi gani.

Chimbuko la utaratibu huu

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, shule nyingi za udaktari za Marekani zilikuwa biashara za watu binafsi. Aliyekuwa na ada aliingia, na wengine walihitimu bila kumgusa mgonjwa. Shule ya udaktari ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa Baltimore mwaka 1893, iliweka sharti ambalo wakati huo lilionekana kali mno: anayetaka kuingia awe tayari na shahada ya kwanza.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu kutoka Louisville, Kentucky, ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kuzikagua shule 155 za udaktari za Marekani na Kanada. Aliichukua Johns Hopkins kuwa kipimo, akapendekeza kila mwanafunzi apitie angalau miaka miwili ya chuo na kusoma sayansi kabla ya kuanza udaktari. Shule nyingi dhaifu zilifungwa katika miaka iliyofuata. Hasara nayo ilikuwepo: kati ya shule 7 zilizokuwa zikiwafundisha Wamarekani Weusi, Flexner alitetea mbili tu, Howard iliyoko Washington na Meharry iliyoko Nashville, na ndizo zilizosalimika. Biolojia, kemia na fizikia zikawa mlango wa kuingilia, na hadi leo ndizo uti wa mgongo wa premedi.

Shule za udaktari hutazama nini

Ili kuvilinganisha vyuo, lazima ijulikane kwanza ni kitu gani mwanafunzi atakwenda nacho mbele ya shule ya udaktari miaka minne baadaye. Vitu hivyo kimsingi ni vinne.

Cha kwanza ni wastani wa alama, yaani GPA, unaohesabiwa hadi 4.0. Shule hutazama wastani wa jumla, na kando yake wastani wa biolojia, kemia, fizikia na hesabu peke yake. Cha pili ni matokeo ya MCAT, mtihani wenye sehemu nne ambao alama zake huanzia 472 hadi 528, na ambao humweka mtahiniwa chumbani kwa zaidi ya saa saba. Cha tatu ni barua za mapendekezo, ambazo shule nyingi hutaka baadhi zitoke kwa walimu wa sayansi waliomfundisha mwombaji darasani. Cha nne ni uzoefu: saa alizotumia karibu na wagonjwa, utafiti alioshiriki, na huduma aliyoitoa kwa jamii.

Ushindani ni mkali. Katika msimu wa udahili wa 2023–2024, watu wapatao 52,600 waliomba shule zinazotoa shahada ya MD, na walioanza masomo walikuwa karibu 23,000. Wastani wa GPA wa waliopata nafasi ulikuwa 3.77, na wa MCAT ulikuwa 511.7. Pembeni ya shule hizo kuna za osteopathia, zinazotoa shahada ya DO. Wahitimu wake ni madaktari kamili wenye leseni ileile ya kutibu, na waombaji wengi hutuma maombi kote kuwili.

Jina la chuo alichotoka mwombaji lina uzito fulani, hasa katika shule zenye ushindani mkubwa zaidi. Hata hivyo, jina haliwezi kuiinua GPA ya 3.2 ikawa 3.8. Mwanafunzi aliyeshika nafasi za juu katika chuo cha jimbo, anayefahamika kwa walimu wake, kwa kawaida husimama mahali pazuri kuliko yule aliyeburura mkia katika chuo kinachojulikana dunia nzima. Kwa hiyo swali la msingi katika kuchagua ni hili: ni chuo gani kati ya hivi ambako mwanafunzi huyu, kwa uwezo wake na tabia yake, atatoka akiwa na vitu hivyo vinne?

Asilimia za kwenye vipeperushi

Vyuo vingi hutangaza kwamba asilimia 80 au 90 ya wanafunzi wao walioomba udaktari walikubaliwa. Tarakimu hizo huwavuta wazazi kuliko kitu kingine chochote, na ndizo zinazohitaji kutazamwa kwa jicho kali zaidi, kwa sababu kila kitu hutegemea nani amehesabiwa kuwa mwombaji.

Vyuo kadhaa vina kamati ya premedi inayoandika barua moja rasmi kwa niaba ya chuo. Mahali pengine kamati hiyo humwandikia kila anayeomba, ikieleza nguvu zake na udhaifu wake. Kwingine humwandikia tu yule inayeamini atafaulu, na wengine huambiwa wasubiri au watafute njia nyingine. Asiyepewa barua mara nyingi haombi, na asiyeomba haingii kwenye hesabu.

Chukua mfano wa vyuo viwili vya kubuni. Katika kila kimoja, wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza wanasema wanataka udaktari. Chuo cha kwanza kinawachuja hadi wabaki 60 wenye barua, na 54 wanakubaliwa. Kinatangaza asilimia 90. Chuo cha pili kinawaacha 200 waombe, na 110 wanakubaliwa. Kinatangaza asilimia 55. Ukihesabu kuanzia wale 300 wa mwanzo, chuo cha kwanza kimefikisha asilimia 18 ya vijana wake, na cha pili karibu asilimia 37. Mzazi aliyesoma kipeperushi peke yake atakuwa amechagua kinyume.

Hali hiyohiyo huonekana katika orodha za vyuo vinavyotoa waombaji wengi. Chuo kikuu cha California kilichopo Los Angeles, UCLA, mara nyingi huongoza, kikitoa waombaji zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Wingi huo unatokana kwanza na ukubwa wa chuo. Peke yake hausemi kama mwanafunzi mmoja mmoja pale amesaidiwa vizuri au ameachwa apambane mwenyewe.

Maswali ya kuiuliza ofisi ya ushauri wa premedi, kwa hiyo, ni manne. Wangapi huanza na wangapi hufika hatua ya kuomba? Kamati humwandikia kila mtu au huchagua? Asilimia inayotangazwa inahesabu wahitimu wote, au wale tu waliovuka kiwango fulani cha GPA? Na mshauri mmoja anahudumia wanafunzi wangapi? Ofisi inayojibu bila kuzungukazunguka imekwisha kusema mengi kuhusu chuo chake.

Namna alama zinavyotolewa

Vyuo viwili vyenye sifa sawa vinaweza kumpa mwanafunzi yuleyule alama tofauti. Mahali pengi masomo makubwa ya sayansi husahihishwa kwa kuwalinganisha wanafunzi wao kwa wao: sehemu fulani ya darasa hupata A, sehemu B, na kuendelea, hata kama wote wamelielewa somo. Katika darasa la vijana waliokuwa wa kwanza katika shule zao za sekondari, nusu yao lazima waangukie chini ya mstari wa kati.

Baadhi ya vyuo vimewahi kuufanya ukali huo kuwa sera. Princeton ilipitisha mwaka 2004 mwongozo kwamba alama za A zisizidi asilimia 35 katika masomo ya shahada ya kwanza, ikauondoa mwaka 2014. Vingine hulegeza mwanzo ili mgeni apate kuzoea. MIT, kwa mfano, haiweki alama za muhula wa kwanza kwenye rekodi. Aliyefaulu huandikiwa kwamba amefaulu, na aliyeshindwa haandikiwi kitu.

Kemia oganiki, ambayo kwa kawaida husomwa mwaka wa pili, ndiyo kichujio kinachojulikana zaidi. Mwaka 2022, katika New York University, wanafunzi 82 kati ya takriban 350 wa somo hilo walisaini malalamiko kuhusu ugumu wake na alama zao, na chuo hakikuendelea na mkataba wa mwalimu wao, mtaalamu mwenye jina kubwa. Wapo waliosema wanafunzi wamedekezwa, na wapo waliosema ufundishaji ulikuwa na kasoro. Kwa anayechagua chuo, funzo ni jepesi: somo moja linaweza kuubadili mwelekeo wa mamia ya vijana, kwa hiyo inafaa kujua linavyofundishwa kabla ya kujiandikisha.

Kosa la mwaka wa kwanza nalo halifutiki kirahisi. AMCAS, mfumo wa pamoja unaopokea maombi ya shule nyingi za MD, huhesabu alama zote, hata za somo ambalo mwanafunzi alilirudia na kufaulu vizuri mara ya pili. Chuo chenye vikundi vya kujisomea, wakufunzi wa bure na walimu wanaomwona mapema mwanafunzi anayeyumba kina thamani kuliko nafasi tano au kumi za juu kwenye orodha ya ubora.

Chuo kikubwa na chuo kidogo

Katika chuo kikuu kikubwa cha jimbo, somo la kemia la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na wanafunzi mia kadhaa ukumbini. Profesa hutoa mhadhara. Maabara na vikundi vidogo huongozwa na wanafunzi wa shahada za juu. Faida yake ni wingi wa maabara za utafiti, hospitali ya chuo, na masomo ya kila aina. Hasara yake ni kwamba mwanafunzi mwenye haya anaweza kumaliza miaka miwili bila mwalimu hata mmoja kulijua jina lake, halafu akahitaji barua ya mapendekezo. Barua ya mwalimu asiyemfahamu husema tu kwamba alipata A, jambo ambalo karatasi ya matokeo imekwisha kulisema.

Katika vyuo vidogo vya shahada ya kwanza, kama Amherst, Williams au Pomona, karibu hakuna wanafunzi wa shahada za juu, kwa hiyo profesa mwenyewe hufundisha na kusimamia maabara, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kupewa kazi ya utafiti ambayo kwingine ingekwenda kwa mtu mwenye shahada. Upungufu wake ni kwamba aina za utafiti ni chache, na hospitali kubwa inaweza kuwa mbali.

Mfano unaoonyesha jinsi mbinu inavyoweza kulipita jina ni Xavier University of Louisiana, chuo kidogo cha Kikatoliki kilichopo New Orleans, kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Kwa miaka mingi kimekuwa mstari wa mbele kitaifa kwa idadi ya wahitimu Weusi wanaoingia na kumaliza shule za udaktari, kikivishinda vyuo vyenye fedha nyingi na wanafunzi wengi zaidi. Siri yake inafahamika: walimu wa kemia na biolojia walikubaliana kufundisha kwa mpangilio mmoja, waliandaa vitabu vya mazoezi vya pamoja, waliweka majaribio ya mara kwa mara, na waliwafanya wanafunzi wasome kwa vikundi na kuinuana badala ya kunyang'anyana alama. Ofisi ya premedi humfuatilia kila mmoja tangu wiki za mwanzo hadi siku ya kutuma maombi.

Hospitali, maabara na mji

Shule za udaktari hutaka ushahidi kwamba mwombaji anaijua kazi anayoiomba. Ushahidi huo hupatikana kwa kumfuata daktari kazini na kutazama, kujitolea wodini, au kufanya kazi ya muuguzi msaidizi, mhudumu wa gari la wagonjwa, au karani anayeandika kumbukumbu za mgonjwa wakati daktari akimhudumia. Saa hizo hukusanywa polepole, wiki baada ya wiki, katikati ya vipindi, na hapo ndipo umbali unapokuwa na maana.

Rice, mjini Houston, imetenganishwa kwa barabara moja tu na Texas Medical Center, mkusanyiko mkubwa kabisa wa hospitali na taasisi za tiba duniani. Emory, mjini Atlanta, ina hospitali ndani ya eneo la chuo, na makao makuu ya kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, yako jirani. Case Western Reserve iko Cleveland, mji wenye hospitali za chuo na Cleveland Clinic. Mwanafunzi wa vyuo hivi hutembea kwa miguu au hupanda basi kwenda wodini. Katika chuo kilichopo mji mdogo, huenda akahitaji gari. Kwa upande mwingine, zahanati ya mji mdogo huwa na wanaojitolea wachache, na daktari wake ana muda wa kueleza.

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, hospitali inayomilikiwa na chuo ina faida ya ziada. Viza hiyo kwa kawaida humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje ya chuo hutaka kibali maalumu. Nafasi ya maabara au ofisi ya hospitali iliyo chini ya chuo chenyewe inaweza kuwa ndiyo mlango pekee wa kazi ya kulipwa karibu na tiba.

Wasemaji wa Kiswahili nao wana mtaji wao. Familia kutoka Kongo na Burundi zimepata makazi katika majimbo kama Texas, Kentucky na Iowa, na hospitali za huko huhitaji wakalimani waliofunzwa. Kijana anayekijua Kiswahili vizuri, akapata mafunzo ya ukalimani wa kitabibu, hukaa upande wa mgonjwa na kuuona udaktari kwa namna ambayo wenzake wengi hawaipati.

Jimbo la nyumbani

Shule za udaktari za umma huwapendelea wakazi wa jimbo lake, kwa kuwa kodi za jimbo ndizo zinazozilisha. Texas huonyesha hili kwa uwazi: sheria huzitaka shule zake za umma zisichukue zaidi ya asilimia 10 ya wanafunzi kutoka nje ya jimbo, na ada kwa wakazi ni miongoni mwa zile za chini nchini. University of Washington, kupitia mpango unaoitwa WWAMI, huwahudumia wakazi wa majimbo matano: Washington, Wyoming, Alaska, Montana na Idaho, kwa kuwa manne kati ya hayo hayana shule yake ya umma inayotoa shahada ya MD.

Wengi hudhani kwamba kusoma katika jimbo fulani humfanya mtu kuwa mkazi wake. Kwa kawaida sivyo. Kijana anayetegemezwa na wazazi huhesabiwa kuwa mkazi wa jimbo wanaloishi wazazi, na kuhamia mahali kwa sababu ya masomo peke yake mara nyingi hakutoshi. Hata hivyo, kusoma karibu na nyumbani hujenga uhusiano na madaktari na jamii ambazo shule za jimbo hilo zinakusudia kuzihudumia, na hilo huonekana katika maombi.

Hesabu ya fedha

Mwanafunzi wa premedi hulipia elimu mara mbili. Wastani wa ada katika vyuo vya umma kwa mkazi wa jimbo ni takriban dola 12,000 kwa mwaka, bila chakula na malazi. Katika vyuo vingi binafsi vyenye jina, gharama yote ya mwaka hupita dola 80,000 kabla ya msaada. Baada ya hapo inakuja shule ya udaktari, ambako wahitimu wenye mikopo hutoka na deni la kati la takriban dola 200,000. Haba na haba hujaza kibaba, na deni hujaa vivyo hivyo: dola 15,000 za tofauti kwa mwaka, zikikopwa kwa miaka minne, ni 60,000 zinazosubiri miaka 7 au zaidi kabla mtu hajapata mshahara kamili wa udaktari.

Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imelifanya hili kuwa zito zaidi. Kuanzia Julai 2026, wakopaji wapya wanaosomea udaktari hawatapata mkopo wa serikali kuu unaozidi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Anayetoka shahada ya kwanza bila deni atakuwa na nafasi zaidi ya kupumua. Shule chache hazitozi ada, kama ya New York University tangu 2018 na Albert Einstein ya Bronx tangu 2024, lakini ushindani wake ni mkubwa mno kwa mtu kuzifanya msingi wa hesabu.

Bei iliyoandikwa si lazima iwe bei itakayolipwa. Chuo cha gharama kubwa chenye akiba nono kinaweza kumpa mtoto wa familia ya kipato kidogo msaada unaokifanya kiwe rahisi kuliko chuo cha jimbo. Kinacholinganishwa ni kiasi kinachobaki baada ya ufadhili usiorudishwa, kwa miaka yote minne, baada ya kuuliza kama ufadhili huo utakatwa GPA ikishuka chini ya kiwango fulani. Kwa mwanafunzi wa kemia oganiki, sharti hilo si la kupuuzwa.

Wengine huanzia vyuo vya kijamii vya miaka 2, ambavyo ada yake ni ndogo, kisha huhamia chuo cha miaka 4. Njia hii hukubalika, mradi mwanafunzi asome masomo ya juu ya sayansi katika chuo anachohamia na ayafaulu vizuri.

Uraia na viza

Kwa anayetoka Afrika Mashariki kwa viza ya masomo, suala hili linatangulia mengine yote. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei maombi ya asiye raia wala mkazi wa kudumu, yaani asiye na grini kadi. Zinazopokea ni chache, na baadhi yake humtaka mwanafunzi aonyeshe au aweke mapema fedha za ada za miaka kadhaa, kwa sababu mikopo ya serikali kuu haimhusu. Kila mwaka wanaopita mlango huo ni wachache sana.

Katika shahada ya kwanza milango ni mipana zaidi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huamua udahili wa wanafunzi wa kigeni bila kutazama mfuko wa familia, na hukidhi mahitaji ya kifedha ya wanaokubaliwa. Lakini kukubaliwa huko hakumhakikishii mtu shule ya udaktari baadaye. Chuo kinachofaa kwa mwanafunzi wa namna hii ni kile ambacho ofisi yake ya premedi imekwisha kuwasaidia wageni wengine kuingia udaktari na inaweza kueleza ni shule zipi zilizowachukua.

Aliyekwisha kupata shahada Dar es Salaam, Kampala au Nairobi ana kikwazo kingine. AMCAS haihakiki matokeo ya vyuo vya nje, na shule nyingi hutaka masomo ya sayansi yasomwe Marekani au Kanada. Wengi wa kundi hili huona ni nafuu kumaliza udaktari nyumbani, kisha kufanya mitihani ya leseni ya Marekani, USMLE, na kupata cheti cha ECFMG kinachowaruhusu kuomba mafunzo ya ubingwa.

Programu za pamoja

Vyuo vichache humkubali mwanafunzi wa sekondari kwa shahada zote mbili kwa pamoja. Brown ina programu ya miaka 8. University of Missouri–Kansas City ina programu ya miaka 6 iliyoanza mwaka 1971. Faida yake ni kuondoa hofu ya kuomba upya. Kasoro yake ni kwamba humfunga kijana wa miaka 17 au 18 kwenye uamuzi ambao huenda akaubadilisha, na baadhi hudai kiwango fulani cha GPA au MCAT ili nafasi isipotee.

Kupima vyuo viwili vilivyobaki

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na ni kweli kwamba mwanafunzi mwenye bidii hufaulu katika vyuo vya aina nyingi. Bado majembe mawili yanayofanana dukani yanaweza kuwa na mipini tofauti. Vyuo vinapokaribiana, vipimo vipangwe kwa uzito. Kwanza ni uhalali: je, kwa uraia na makazi ya mwanafunzi, mlango wa udaktari upo kweli? Pili ni deni litakalobaki. Tatu ni alama na msaada wa masomo katika kemia, biolojia na fizikia. Nne ni nani atamjua mwanafunzi kiasi cha kumwandikia barua yenye maana. Tano ni umbali wa hospitali na maabara. Jina la chuo huja baada ya hayo, na hutumika kuamua tu pale mengine yote yanapolingana.

Taarifa bora hupatikana kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne waliopita njia hiyo. Wao wanajua kama wakufunzi wa jioni huja, kama maabara huwapokea wa mwaka wa kwanza, na wangapi kati ya marafiki waliotaka udaktari bado wanautaka.

Swali hilo la mwisho linagusa jambo ambalo familia nyingi hulisahau. Sehemu kubwa ya wanaoanza premedi hawafiki shule ya udaktari. Baadhi hushindwa na masomo, lakini wengi hugundua fani nyingine: afya ya jamii, famasia, uuguzi, takwimu, ualimu. Kwa hiyo chuo kinachochaguliwa kifae pia kwa mtu ambaye, akifika mwaka wa tatu, ataamua kuwa kitu kingine: kiwe na idara nyingine zilizo imara, kiruhusu kubadili shahada bila kuongeza miaka, na kisimwachie deni ambalo mshahara wa daktari peke yake ndio ungeweza kulilipa.